Mwalimu Aliyeingia kwa Jina la Mwenzake

Jina lake sitalitaja, na naomba msinikasirikie. Si kwamba nimelisahau. Alikuwa nayo mawili, moja halikuwa lake, na la pili hakuligawa ovyo. Lushoto mjini, kuanzia stendi mpaka kule juu kwenye nyumba za maafisa, ukiulizia Mwalimu wa Taipu unaonyeshwa mlango. Basi na mimi nitamwita hivyo hivyo, ingawa nilipomfahamu taipureta zake zilikuwa zimefunikwa vitambaa pembeni na yeye anafundisha kompyuta.

Jambo moja niliseme mapema, maana bila hilo hutamwelewa. Mwanamke huyu hakuogopa kufa. Aliogopa talkini. Aliogopa kwamba siku atakapolazwa kaburini, shehe atamwita vile maiti anavyoitwa, ewe fulani binti fulani, na huyo fulani atakuwa mtu mwingine kabisa, mkulima wa kabichi wa Lukozi. "Sasa nitajuaje kwamba ni mimi ninayeitwa?" aliniuliza siku moja, na hakuwa anatania. Mimi nilicheka. Mtu wa Tanga mdomo haumtulii, na wangu ndiyo kabisa.

Nilipanda Lushoto miaka ile ya soko huria, wakati vitu vilivyokuwa vya kutafuta kwa tochi vilianza kupangwa barabarani: mitumba, redio kaseti, sabuni za kila rangi. Serikali nayo ilikuwa inapunguza watu kazini, na kila aliyepunguzwa alifungua kitu. Huyu duka, yule banda la kuku. Yeye alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, wakampunguza, akakodi chumba nyuma ya duka la pembejeo akafungua chuo chake cha uchapaji. Chumba kilinuka dawa ya nyanya mwaka mzima. Baadaye wageni fulani waliokuwa wakija kutembea milimani wakampenda, wakamletea kompyuta zilizokwisha kutumika kwao, na mimi nikaitwa nije niziwashe. Nilikwenda kwa wiki moja. Nikakaa miaka, nikajifunza kuvaa sweta hata jua likiwaka na kula matunda ya plamsi mpaka meno yaingie ganzi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi, na rula haikumtoka mkononi. Rula ile haikumgusa mtu hata siku moja. Ilipiga meza. "Macho juu!" Pa! "Vidole vyote, si kimoja! Wewe ni kuku unadonoa?" Pa! Mwanafunzi aliyezidi kutazama vidole alifunikwa mikono kwa kipande cha kanga, akaendelea kuchapa humo humo gizani. Nimeona vijana wa kiume, ndevu zimeota, wamefunikwa kanga wanatoka jasho na nje ni baridi ya kutetemesha.

Alikataza kula darasani, na saraka ya meza yake ilijaa bisi. Alikataza Kishambaa darasani, maana barua za ofisi haziandikwi kwa Kishambaa, lakini mwanafunzi akifanya vizuri alisahau amri yake mwenyewe akasema, "Hongea! Hongea, mwanangu!" Umeme ukikatika, na milimani ulikatika hasa, hakuruhusu mtu kwenda nyumbani. Alivuta vile vitambaa, taipureta zikatolewa, na kelele ikarudi chumbani. Nafikiri kwa siri aliufurahia ule umeme kukatika.

Na asubuhi, kabla ya yote, ilikuwa salamu. Shikamoo yake ilikuwa lazima ifike kwanza, ndipo kompyuta iguswe. Mimi mwenyewe, fundi mzima, siku moja niliingia moja kwa moja nikainama chini ya meza kutafuta waya. Nikasikia rula. "Fundi, huko chini unamwamkia nani?"

Baada ya shikamoo lilikuja swali lake. Alipita nyuma ya kila kiti akiuliza, "Umeingia kwa nani?"

Niwaeleze wasiojua. Zile kompyuta niliziwekea mfumo wa bure, usiotaka leseni, na katika mfumo ule kila mtu ana jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Ukiingia kwa jina lako unakuta kazi zako, na za mwenzako huzioni. Sasa watu wa huku wanaazimana kila kitu, jembe, sufuria, hata mtoto wa kutuma dukani. Hawakuona shida kuazimana na majina ya kompyuta. Binamu aliingia kwa jina la binamu, jirani kwa la jirani. Mwalimu alikuwa hataki kusikia. "Toka. Ingia kwa jina lako. Kazi utakayofanya kwa jina la mwenzako itabaki kwa mwenzako, wewe utabaki na nini?"

Nilimwona mkali kupita kiasi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Wewe hujui ninachosema," akaenda zake kuchukua bisi.

Kumbe aliyekuwa akisema hayo alikuwa ameishi kwa jina la mwenzake tangu utotoni.

Wenye umri wetu wanaujua mchezo ule. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, mtoto anamaliza darasa la saba, hachaguliwi. Kurudia darasa hakuruhusiwi. Basi mzazi mwenye uchungu anampeleka shule nyingine ya mbali, anaambiwa kuna msichana aliyeacha kuja, ameolewa, jina lake bado liko. Mtoto anakaa kwenye dawati la yule msichana na anaitikia jina la yule msichana. Akichaguliwa, amechaguliwa kwa jina hilo, na jina hilo ndilo litakalokuwa kwenye cheti, kwenye kazi, kwenye kila kitu mpaka mwisho. Wangapi Tanzania hii wanaitwa majina ambayo mama zao hawakuwapa! Hakuna anayesema.

Mwalimu wa Taipu alisoma kwa jina la msichana wa Lukozi. Lakini kabla ya kulichukua alifanya kitu ambacho wengine hawakufanya. Alimwendea mwenye jina, mke wa mtu tayari, akamkuta shambani, akamwomba. Yule naye akamjibu, "Chukua, mimi huku shambani nalitumia la nini? Ila usiniharibie."

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Mwanzoni nilijua tu kwamba Mwalimu alikuwa na safari zake za Lukozi. Kila kulipokuwa na jambo kubwa, alijitanda vizuri, akanunua sukari na doti ya kanga, akapanda basi. Mjini walikwisha kuamua kwamba ana mganga huko. "Anakwenda kukizindika chuo," waliniambia mafundi seremala wa jirani, na mimi niliamini, tena nikaanza kukagua vizingiti vya mlango kama kuna kilichofukiwa.

Sasa nirudi kwenye kompyuta, maana ndiko alikonifunulia nafsi yake bila mimi kujua.

Chuo kilikuwa na mtihani wa kasi ya kuchapa. Nilimtafutia programu nzuri, inafungua dirisha lake, inampa mwanafunzi maneno, inahesabu makosa. Ili wanafunzi wasichezee matokeo, nikatengeneza mtumiaji mwingine katika mfumo, nikamwita Mtihani. Programu ilikuwa ya Mtihani, matokeo yalikaa kwa Mtihani, na neno la siri la Mtihani alilijua Mwalimu peke yake. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mwanafunzi aingie kwa jina lake, akae kwenye skrini yake, halafu Mwalimu aje hapo hapo, aandike amri ya kugeuka kuwa Mtihani, aiwashe programu, dirisha litokee mbele ya mwanafunzi.

Siku ya kwanza tulimweka binti mmoja aliyekuwa akiuza nyanya sokoni asubuhi na kusoma mchana. Mwalimu akaandika amri, akaandika neno la siri, akaiwasha programu. Kompyuta ikakataa. Ikasema kwa Kiingereza chake kwamba hairuhusiwi kufungua skrini.

"Nimekosea neno la siri?" aliuliza.

"Hujakosea, Mwalimu. Umeshakuwa Mtihani. Shida si hapo."

"Shida iko wapi?"

"Skrini si ya Mtihani. Skrini ni ya huyu binti, yeye ndiye aliyeingia kwanza. Programu yenye dirisha inataka mahali pa kulichora dirisha lake, na hapa pana mwenyewe. Mtihani ni mgeni."

"Yaani hata nikiwa na jina, na nikiwa na neno la siri?"

"Hata. Mpaka mwenye skrini aseme karibu."

Akainamia skrini, akayasoma tena yale maneno ya kukataa. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, binti wa nyanya akanitazama mimi kama kwamba nimemroga mwalimu wake. "Fundi," akasema alipoweza, "hii mashine aliyeitengeneza ni mtu mwenye adabu."

Mimi ni mvivu, sifichi. Nikaona kila mwanafunzi kukaribisha mgeni ni usumbufu. Ipo amri fupi inayoifungua skrini kwa yeyote, nikaipanga iwe inajiendesha kila asubuhi. Kazi ikawa nyepesi. Wiki haikwisha akanigundua, maana alibofya mahali akaona Mtihani anaingia bila kuulizwa.

"Nani ameacha milango wazi humu?"

"Mwalimu, nimerahisisha tu."

"Kawarahisishie kwenu Tanga. Hapa mtu anabisha hodi."

Ndipo akaanzisha utaratibu wake, ambao sijaupata katika chuo kingine chochote, na nimezunguka. Siku ya mtihani alisimama nyuma ya kiti cha mwanafunzi, akasema kwa sauti, "Hodi!" Mwanafunzi, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika amri ya kumruhusu Mtihani, Mtihani peke yake, hakuna mwingine. Akishamaliza kuandika anajibu, "Karibu, Mwalimu." Hapo ndipo Mwalimu anainama, anageuka kuwa Mtihani, anafungua dirisha. Mtihani ukiisha, mwanafunzi anaandika amri ya kuifuta ile ruhusa, na Mwalimu anasema, "Hongea kwa kunikaribisha." Chumba kizima wanasubiri zamu. Mimi pembeni napiga miayo.

Kulikuwa na afisa mmoja wa elimu aliyekuja kukagua. Mvua ilikuwa imeanza kukusanyika upande wa Shume na alitaka kuteremka kabla barabara haijaharibika. Akaona hodi na karibu zile, akakunja uso. "Mama, si uwaingize wote kama Mtihani toka mwanzo, wafanye, twende?"

"Wakiingia kama Mtihani wataona matokeo ya wenzao, Mheshimiwa."

"Leo tu."

"Na mtihani wataufanya, lakini watakaoufanya hawatakuwa wao."

Afisa hakuelewa, na kusema kweli hata mimi sikuelewa. Akakaa akasubiri. Mvua ikamkuta. Alipewa bisi.

Siku nyingine kijana mmoja alikasirika katikati ya mtihani, makosa yalikuwa yamemzidi, akatoka kwenye jina lake kwa hasira. Skrini ikazima, na dirisha la Mtihani likapotea papo hapo. Mwalimu akaniita, akidhani kompyuta imeharibika. Nikamwambia haijaharibika. Mwenye skrini akitoka, madirisha yote yanafungwa, la mgeni pia.

"Hata kama mgeni hajamaliza?"

"Hata kama hajamaliza."

"Na kazi yake?"

"Kama hakuihifadhi, imekwenda."

Hakucheka safari hiyo. Alirekebisha ushungi, akamwambia yule kijana arudi kesho, na darasa akalifunga mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Wiki hiyo hiyo alinishika mkono. "Fundi, kesho unanisindikiza Lukozi. Kuna mzigo." Mzigo wenyewe ulikuwa taipureta, ile ya chuma, kubwa, aliyoipenda kuliko zote. Nikaibeba kuanzia njia panda kupanda kilima, matuta ya kabichi kushoto na kulia, ukungu umekaa, mgongo wangu unalia. Nikawaza, mganga gani huyu anayetaka taipureta?

Tulipokaribia nyumba, mama mmoja akapaza sauti kutoka shambani akiita jina la Mwalimu. Nikageuka kumtazama Mwalimu, nikashangaa haitiki. Aliyeitika alikuwa mwanamke mwingine, mnene, ametoka nyuma ya nyumba na jembe begani, miguu ina udongo. Aliitikia jina la Mwalimu wangu kwa raha kabisa, akaagana na yule mama, halafu akatuona. Akatupa jembe.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Hodi."

"Nani?" yule akauliza, na alikuwa anamwona.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Yule mwanamke akacheka, akamwita jina. Jina jingine kabisa, la Kishambaa, fupi, sijapata kulisikia mjini. Na yule mwanamke wa rula, aliyeamkiwa na mji mzima, akaitikia "Abee!" vile msichana anavyoitika akiitwa na mkubwa wake. Nikaitua taipureta chini.

Ndivyo walivyofanya kila alipokwenda, kumbe. Alikwenda kuomba ruhusa alipoolewa, maana ndoa ilifungwa kwa jina la cheti. Alikwenda alipofungua chuo. Siku ile alikwenda kwa sababu chuo kilikuwa kinasajiliwa rasmi na jina lingepigwa muhuri. Mwenye jina alimjibu alivyomjibu siku zote: endelea, usiniharibie. Halafu akataka kuiona hiyo mashine iliyolila jina lake, ambayo alikuwa ameomba aletewe. Nikaiweka kwenye kigoda, nikatia karatasi. Akafuta kidole kwenye kanga, akachapa jina lake mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, akiinama na kuitafuta kila herufi. Nilimtazama Mwalimu. Nilisubiri "Macho juu!" Nilisubiri "Kuku!" Alisimama akashika rula kwa mikono miwili mpaka jina likaisha.

Njiani kurudi ndipo aliponieleza yote, pamoja na lile la talkini. Wazazi wake walikwisha kufa, nduguze pia. Mumewe alikufa akimjua kwa jina la cheti tu. Watoto wake walimwita Mama. "Duniani amebaki mmoja anayeniita mimi," alisema, "na ni huyu huyu ambaye jina lake ninalo. Akitoka yeye, Fundi, nimekwisha. Wewe si ndiye uliyenieleza?"

Nikasema maneno ya kipuuzi, kwamba kompyuta ni kompyuta na binadamu ni binadamu. Akaniambia nitazame ninapokanyaga.

Mwenye jina alitangulia, miaka michache baadaye. Alipozidiwa na ugonjwa, Mwalimu alikaa naye, na siku moja mgonjwa akamwambia, "Hebu niambie nimefanya nini." Mwalimu hakuelewa. "Wewe umelizungusha jina langu huko mjini miaka yote. Niambie nimefanya nini." Basi Mwalimu akakaa ukingoni mwa kitanda akamhesabia. Umemfundisha binti wa nyanya, yuko ofisi ya mahakama sasa. Umemfundisha kijana yule mwenye hasira, amefungua duka lake la kuchapa. Umekataa kumpa mtu cheti cha bure, mtoto wa mkubwa, akakuchukia. Umefunika watu wazima kanga. Mgonjwa akawa anacheka na kukohoa. "Kumbe nimefanya kazi," akasema. Mwalimu aliponisimulia haya alilia waziwazi, na mimi nikalia, sioni haya.

Kilichotokea baada ya hapo nakisimulia kila ninapopata nafasi. Tangazo la kifo lilisomwa redioni, jina kamili, Lukozi, Lushoto. Mji ukasikia jina la Mwalimu wa Taipu. Watu wakasema si mnajua alikuwa na mambo yake Lukozi, basi ndiko alikofia. Akina mama wakakusanya sukari na mchele, wakaenda nyumbani kwake, wakatandika mikeka, wanafunzi wake wa zamani wakaanza kuangua vilio. Jioni basi likasimama, marehemu akateremka na kikapu, amechoka, ametoka kumzika mwenzake. Jamani! Kuna mama aliruka ukuta. Mwalimu akasimama getini akawatazama, akawaambia, "Aliyekufa ni wajina wangu. Lakini kaeni, msiondoke. Lieni. Anastahili." Wakakaa, wakalia, na wengi hawakujua wanamlilia nani.

Baada ya hapo alipungua. Chuo alimwachia binti yake, mimi nikarudi Tanga, joto likanipokea. Alikuja kufariki mwenyewe baada ya masika moja, na nilikuwepo makaburini. Nitasema hili moja tu kuhusu siku ile. Shehe alipotaka kuanza talkini nilimsogelea nikamnong'oneza sikioni, akanitazama, nikarudia, akaita nilivyomwambia. Watu wa mjini walitazamana. Binti yake alikuwa amekwisha kuambiwa, aliniruhusu yeye.

Lakini siku ninayotaka kumalizia nayo ni ya kabla ya hapo, mara ya mwisho kumwona. Nilisikia anaumwa, nikapanda na machungwa. Nilimkuta amelala chumba cha mbele, dirisha linatazama mikaratusi, rula iko juu ya mto. Nikamwamkia. Akaniuliza Tanga kuna joto, nikamwambia lipo, akasema pole. Halafu akasema bila kuzunguka, "Unalikumbuka?"

Nikajua anauliza nini. Nikamwambia nalikumbuka.

"Lilikuwa limetamkwa mara moja tu mbele yako."

"Nalikumbuka, Mwalimu."

"Sema."

Nikasema. Akatikisa kichwa kwenye mto. "Unalivuta kama Mtanga. Lifupishe. Tena."

Nikasema tena. Rula ikagonga ubao wa kitanda, polepole, hakuwa na nguvu. "Tena." Nikasema mpaka ulimi ukazoea. Mwishowe akatazama dari, akasema, "Huwezi kumwita mtu ukiwa umekaa kitandani kwake. Toka nje. Bisha hodi."

"Mwalimu, nje kuna baridi."

"Wewe ni mtu mzima. Toka."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, sweta yangu nimeiacha ndani. Nikarudisha mlango, nikasimama pale najiona mjinga, jirani ananitazama akiwa na ndoo. Nikasema, "Hodi." Kimya. Nikasema, "Hodi hapa." Kimya. Nikakumbuka kwamba hodi peke yake haitoshi. Nikaweka mdomo karibu na mbao, nikamwita kwa jina lake, fupi, kama alivyonifundisha.

Ndani kitanda kililia. Nikasikia anajiinua, na sauti ikatoka, nyepesi, ya msichana aliyeitwa akiwa mbali na akaanza kukimbia.

"Abee!"